Shaaban Robert na Gazeti la Mambo Leo

1. Kwa nini tusome habari za mtu huyu

Ndugu msomaji, wewe umekwisha kujua kusoma na kuandika. Umepita darasa la kwanza la kisomo na sasa unasoma kitabu hiki bila kushikwa mkono. Hiyo ni kazi kubwa. Lakini kazi haijaisha. Mtu aliyejua kusoma anaweza kusahau, kama vile njia ya shambani huota majani isipopitwa.

Katika kitabu hiki tutasoma maisha ya Shaaban Robert. Wengi wetu tumelisikia jina lake. Watoto wetu wanasoma vitabu vyake shuleni. Watu wengi humwona kuwa mwandishi mkuu kuliko wote walioandika kwa Kiswahili katika karne iliyopita. Amekufa zamani, mwaka 1962.

Mtu huyu hakusoma chuo kikuu. Hakuwa tajiri wala mtoto wa chifu. Alikuwa karani wa serikali. Alikaa shuleni miaka michache tu. Basi alipataje kuwa mwandishi mkuu? Jibu moja ni hili: alisoma bila kuacha, akaandika bila kuacha, na palikuwa na gazeti la kupokea maandishi yake. Gazeti hilo liliitwa Mambo Leo. Kwa hiyo tutasoma maisha ya mtu pamoja na maisha ya gazeti.

2. Kuzaliwa kwake

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari, 1909. Alizaliwa katika kijiji cha Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga. Kijiji hicho kiko pwani, katika nchi ya minazi na uvuvi.

Asili ya ukoo wake ni Wayao. Sisi watu wa Ruvuma tunawajua Wayao. Ni jirani zetu wa Tunduru, na wengine wanaishi ng'ambo ya mto Ruvuma na huko Malawi. Lakini Shaaban alizaliwa na kukulia pwani. Lugha yake ilikuwa Kiswahili, na yeye mwenyewe alijihesabu kuwa Mswahili.

Baba yake aliitwa Robert. Watu wengine wakilisikia jina hilo hudhani kwamba Shaaban alikuwa Mkristo. Sivyo. Alikuwa Mwislamu. Tena maandishi yake yamesomwa na watu wa dini zote, kwa sababu aliandika juu ya utu, haki na bidii ya kazi.

Wakati alipozaliwa, nchi yetu ilitawaliwa na Wajerumani. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha muda mfupi tu kabla, mwaka 1907. Wazee wa Ungoni walinyongwa Songea mwaka 1906. Shaaban alikuwa mtoto mdogo vita kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914. Vita hiyo ilifika hata katika ziwa letu. Meli ya Waingereza iliishambulia meli ya Wajerumani hapo Liuli, mwezi Agosti 1914. Vita ilipokwisha, Wajerumani walikuwa wameshindwa. Waingereza wakaitawala nchi na kuiita Tanganyika.

3. Shuleni Dar es Salaam

Mwaka 1922 Shaaban alikuwa na umri wa miaka 13. Aliingia shule mjini Dar es Salaam. Alisoma huko mpaka mwaka 1926. Katika mtihani wa kumaliza shule walifaulu wanafunzi 11. Shaaban alikuwa wa pili.

Wakati huo shule zilikuwa chache sana. Huku kwetu zilikuwapo shule za misheni, kama zile za Peramiho, Kigonsera na Litembo. Kando ya ziwa kulikuwa na shule za misheni ya Waanglikana, kama ile ya Liuli. Padri Johnson, ambaye kaburi lake liko Liuli, alitafsiri vitabu vya dini kwa Kinyanja. Basi watu wengi wa ziwani walianza kusoma kwa Kinyanja. Wengine katika nchi walisoma kwa lugha nyingine. Lakini mtu wa Liuli akitaka kuandikiana na mtu wa Tanga, wangetumia lugha gani? Ilihitajika lugha moja, tena yalihitajika maandishi ya kusomwa na watu wote wa lugha hiyo.

Mwezi Januari 1923, Shaaban akiwa bado mwanafunzi, Idara ya Elimu ilitoa gazeti jipya mjini Dar es Salaam, mji ule ule aliokuwa akisoma. Jina lake lilikuwa Mambo Leo.

4. Magazeti ya picha na hadithi huko Uingereza

Kabla ya kueleza gazeti hilo, tutazame kidogo nchi walikotoka watawala wale. Tutaona kwamba hata wao walikuwa na habari ya watu waliojua kusoma juzi juzi.

Zamani, watu wengi maskini huko Uingereza hawakujua kusoma. Mwaka 1870 ilitungwa sheria ya kujenga shule kila mahali. Baada ya miaka 20 walipatikana wasomaji wapya wengi sana. Walikuwa vibarua, makarani, wauza duka na watumishi wa nyumbani. Watu hao walitaka kitu cha kusoma baada ya kazi. Hawakutaka vitabu vinene vya wataalamu. Walitaka hadithi fupi, vichekesho na picha.

Ndipo yakaenea magazeti ya namna hiyo. Liko moja lililokuwa limeanza zamani zaidi, mwaka 1841, mjini London. Liliitwa Punch. Gazeti hilo lilichora picha za kuwacheka wakubwa. Waziri akifanya upuuzi, wiki ile ile alijiona amechorwa, na watu wakamcheka. Mwaka 1891 lilianza jingine lililoitwa The Strand. Mwenye gazeti hilo, George Newnes, alitaka liwe na picha tele na liuzwe kwa bei nafuu. Daktari mmoja aliyeitwa Arthur Conan Doyle aliandika humo hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes. Watu walingojea kila toleo kama wavuvi wanavyongojea mbalamwezi iishe wapate usipa.

The Strand lilikoma mwaka 1950. Punch lilikoma mwaka 1992, likajaribu kurudi mwaka 1996, kisha likafa kabisa mwaka 2002. Lakini mafunzo yake hayakufa. Somo moja ni kwamba msomaji mpya anahitaji maandishi mafupi yenye kupendeza. Somo la pili ni kwamba kicheko kinaweza kusema neno ambalo hotuba haiwezi kulisema.

5. Mambo Leo linaanza

Mambo Leo halikuwa gazeti la kwanza la Kiswahili. Mwaka 1888 misheni ya Waanglikana ilikuwa na gazeti lililoitwa Msimulizi huko Unguja. Wakati wa Wajerumani serikali ilikuwa na gazeti lililoitwa Kiongozi huko Tanga. Lakini hayo yalikuwa yamekoma. Mambo Leo ndilo lililoenea na kudumu kwa muda mrefu.

Lilitoka mara moja kila mwezi. Bei yake ilihesabiwa kwa senti. Ndani yake mlikuwa na habari za nchi za mbali na habari za miji yetu. Mlikuwa na mafundisho ya kilimo na afya. Mlikuwa na hadithi, picha, barua za wasomaji na mashairi.

Nakala moja haikusomwa na mtu mmoja. Mwenye kujua kusoma alisoma kwa sauti, na wengine walikaa wakasikiliza. Likapita mkono kwa mkono mpaka likachakaa.

Sehemu ya mashairi ilipendwa sana. Mtu wa Tabora aliweza kuuliza swali kwa shairi. Mwezi uliofuata mtu wa Tanga akamjibu kwa shairi. Hawakuonana kwa macho, lakini walifahamiana na kutaniana. Hivyo watu wa makabila mbalimbali walianza kujiona kuwa watu wa nchi moja kabla ya kupata uhuru.

Hata hivyo, tusisahau jambo moja. Gazeti hili lilikuwa mali ya serikali ya kikoloni. Halikuwa mahali pa kuilaumu serikali hiyo. Mtu aliyetaka kusema juu ya dhuluma ilimbidi atafute njia nyingine ya kusema. Baadaye tutaona Shaaban aliipataje njia hiyo.

6. Karani anayeandika usiku

Mwaka 1926 Shaaban aliajiriwa kuwa karani wa forodha. Alifanya kazi hiyo mpaka mwaka 1944. Pangani ni mojawapo ya miji aliyofanyia kazi. Karani wa forodha huandika mizigo inayoingia na kutoka bandarini, na kuhesabu ushuru. Ni kazi ya kalamu, lakini si kazi ya utunzi. Mtu huweza kuifanya miaka 18 bila kutunga ubeti mmoja.

Shaaban hakukubali hivyo. Mchana aliandika hesabu za serikali. Baada ya kazi aliandika mambo yake mwenyewe. Katika miaka ya 1930 alianza kupeleka mashairi katika gazeti la Mambo Leo. Watu wa mbali, ambao hawakuwahi kufika Pangani, wakalijua jina la karani huyo.

Tena aliandika barua nyingi. Alimwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, kwa miaka mingi. Barua za tangu mwaka 1931 hadi 1958 zilihifadhiwa, zikachapishwa kuwa kitabu mwaka 2002. Humo tunamwona mtu anayehangaika na mshahara, ugonjwa, uhamisho na vitabu vyake. Fikiri, ndugu msomaji. Barua ulizozoea kuzitupa, mwenzio alizitunza, nazo zimekuwa historia ya nchi.

Wakati huo huo lugha yenyewe ilikuwa ikitengenezwa. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya Kiswahili kwa nchi za Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kusanifisha lugha, yaani kuamua namna moja ya kuandika kwa watu wote. Walichagua Kiswahili cha Unguja kuwa msingi. Baadaye Shaaban mwenyewe alikuwa mjumbe wa kamati ya namna hiyo. Yule aliyejifunza lugha kwa kuandika gazetini alikaa mezani na wataalamu wa lugha.

7. Kifo cha Amina

Mke wake wa kwanza aliitwa Amina. Walipendana sana. Amina alifariki akiwa bado kijana, akaacha watoto wadogo. Shaaban alitunga shairi la kumlilia mkewe. Shairi hilo linajulikana mpaka leo, na linaitwa kwa jina la marehemu.

Wako wanaume wanaoona aibu kumlilia mke mbele za watu. Shaaban hakuona aibu. Aliandika huzuni yake, ikachapishwa, watu wakaisoma.

Kisha aliwafikiria watoto. Mama hayupo, na baba ni karani wa kuhamishwa huku na huko. Nani atawafunza? Akaamua kuwaandikia. Alimtungia binti yake Utenzi wa Hati. Alimtungia mwanawe utenzi wa Adili. Humo aliwaeleza namna ya kuishi na watu, kufanya kazi na kujiheshimu. Watoto wake walipata urithi wa maneno. Nasi tumeupata pia, maana tenzi hizo zilichapishwa.

Hapa pana jambo la kufikiri kwa kila mzazi anayejua kuandika. Mzee asiyeandika hufa na maneno yake. Mzee anayeandika huwaachia wanawe sauti yake.

8. Nchi ya Kusadikika

Mwaka 1944 Shaaban alihamishiwa Mpwapwa, bara, mbali na bahari. Mwaka 1946 alirudi Tanga. Huko alifanya kazi katika ofisi ya wilaya, na baadaye katika ofisi ya upimaji ardhi, mpaka mwaka 1960.

Hiyo ilikuwa miaka ya ubaguzi. Wazungu, Wahindi na Waafrika hawakulipwa sawa. Hawakutibiwa wala kusomeshwa mahali pamoja. Karani Mwafrika aliweza kuwa hodari kuliko mkubwa wake, lakini hakupewa cheo chake. Shaaban aliyaona hayo kila siku. Angeandika wazi, angepoteza kazi, na maandishi yake yasingechapishwa.

Basi akatumia hadithi. Mwaka 1951 kilitoka kitabu chake kiitwacho Kusadikika. Kusadikika ni nchi ambayo haipo duniani. Inaelea hewani. Mtu akisoma maneno hayo hucheka, maana nchi gani hiyo inayoelea? Akiendelea kusoma anaanza kuifahamu.

Katika nchi hiyo yuko kijana aitwaye Karama. Kosa lake ni kutaka watu wafundishwe sheria. Waziri mmoja aitwaye Majivuno anamshitaki mbele ya mfalme. Karama anajitetea kwa siku sita. Kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja. Wajumbe hao walitumwa nchi za mbali kutafuta mambo mema. Walipata taabu nyingi njiani. Kila mmoja alirudi na habari za maendeleo. Lakini kila mmoja alipofika kwao hakushukuriwa. Alifungwa gerezani. Mwishowe mfalme anatambua makosa, Karama anaachwa huru na wajumbe wanafunguliwa.

Msomaji wa mwaka 1951 hakuhitaji kuelezwa Kusadikika ni wapi. Alijua ni nchi ambamo watu hawajui sheria zinazowafunga, na anayetaka kuwafundisha huitwa mhalifu. Lakini nani angemkamata mtu kwa kusimulia habari za nchi inayoelea hewani?

Njia hii ilikwisha kutumiwa huko Ulaya. Mwaka 1726 Jonathan Swift aliandika safari za mtu aitwaye Gulliver. Mtu huyo alifika nchi ya watu wadogo sana, na nchi ya majitu, hata kisiwa kinachoelea hewani. Kwa hadithi hizo Swift aliwacheka wakubwa wa nchi yake. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiswahili wakati wa ukoloni. Waandishi wa Punch walitumia picha. Shaaban hakuwa na mchoraji. Alichora kwa maneno. Hata majina ya watu wake ni picha. Majivuno ni jina la kutosha. Humwoni mtu huyo lakini unamjua.

9. Vitabu vilivyosubiri

Ndugu msomaji, usidhani kwamba njia ya Shaaban ilikuwa laini. Kuandika kulikuwa kugumu, lakini kuchapisha kulikuwa kugumu zaidi.

Nchini Tanganyika Waafrika hawakuwa na mitambo ya kupiga chapa vitabu. Mashairi yake ya Pambo la Lugha yalichapishwa Johannesburg, Afrika Kusini. Kusadikika kilichapishwa Uingereza. Fikiri jambo hilo. Mtu wa Tanga anaandika Kiswahili, lugha ya kwao. Karatasi zake zinavuka bahari, zinahukumiwa na watu wasiokaa Tanga, kisha zinarudi zikiwa kitabu cha kuuzwa Tanga. Malipo yake yalikuwa madogo kuliko kazi yake.

Vingine havikurudi upesi. Kitabu chake cha Kufikirika alikwisha kukiandika katika miaka ya 1940. Kilichapishwa mwaka 1967, naye amekwisha kufa. Utenzi wa Vita vya Uhuru ni utenzi mrefu wa beti kama 3,000. Unasimulia vita kuu ya pili, ya mwaka 1939 hadi 1945. Nao ulitoka mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka mwaka 1968. Mwandishi hakuviona vitabu hivyo kwa macho yake.

Shaaban hakungoja tu. Alitafuta njia ya kuchapisha nyumbani. Mwaka 1959 kitabu chake cha Insha na Mashairi kilichapishwa Tanga. Hakuacha kuandika kwa sababu ya kukataliwa. Karatasi zilizokataliwa alizitunza, naye akaandika nyingine.

10. Alivyowaheshimu wanyonge

Vitabu viwili vya Shaaban vinatuhusu sana sisi watu wa vijijini.

Kimoja ni Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alikuwa mwimbaji wa taarabu huko Unguja. Alizaliwa katika umaskini, na katika ujana wake aliuza vyungu. Hakujua kusoma. Lakini sauti yake ilimfikisha mbali. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, kurekodi nyimbo katika sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950. Wakati huo watu waliandika maisha ya wafalme na magavana. Shaaban aliandika maisha ya mwanamke maskini aliyeuza vyungu.

Kitabu cha pili ni Utubora Mkulima. Utubora ni mtu mwenye kazi nzuri ya mshahara mjini. Anaiacha kazi hiyo na kwenda kulima kijijini. Watu wanamshangaa. Yeye anaona heshima katika jembe na raha katika jasho lake.

Mkulima wa Mbinga anaweza kukipenda kitabu hiki. Yule anayechimba ngoro katika miteremko ya Umatengo anajua kwamba kilimo kinataka akili. Ngoro zinazuia maji yasichukue udongo. Babu zetu walizigundua bila kitabu. Lakini wangeandika namna walivyozigundua, leo tungejua mengi zaidi juu yao. Shaaban alikuwa karani maisha yake yote, hata hivyo hakumdharau mkulima.

11. Mwisho wa maisha yake

Shaaban alikuwa mwanachama wa TANU. Alipata tuzo kwa uandishi wake, na hata serikali ya Uingereza ilimpa nishani. Tarehe 9 Desemba, 1961, Tanganyika ilipata uhuru. Shaaban aliiona siku hiyo. Yule aliyetunga nchi ya Kusadikika, ambamo mjumbe wa maendeleo hufungwa, aliishi hadi kuiona nchi yake ikitawaliwa na wananchi wenyewe.

Lakini hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Alifariki mwezi Juni 1962. Alikuwa na umri wa miaka 53. Alizikwa kwao Machui, karibu na Tanga.

Gazeti la Mambo Leo nalo lilikoma katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo ya uhuru. Lilikuwa limedumu miaka karibu 40. Magazeti mengine yalishika nafasi yake. Katika gazeti la Uhuru, Christian Gregory alichora vichekesho vya mtu aitwaye Chakubanga, na watu wakafungua gazeti kwanza mahali pa Chakubanga kabla ya kusoma habari nyingine.

12. Sisi na kusoma kwetu

Baada ya Uhuru serikali ilianza vita dhidi ya ujinga. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa wengi kuliko wanaojua. Mwaka 1970 uliitwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yalifunguliwa chini ya miembe, makanisani, misikitini na kando ya maji. Magazeti ya vijijini yalianzishwa, kama Elimu Haina Mwisho huko Mwanza mwaka 1974. Ilipofika mwaka 1986, ilihesabiwa kwamba watu wazima 90 hivi katika kila 100 wanajua kusoma na kuandika. Nchi chache za Afrika zilikuwa zimefika hapo.

Lakini tazama lililofuata. Madarasa mengi yalifungwa. Magazeti ya vijijini yalikosa fedha na karatasi. Katika sensa ya mwaka 2012, wanaojua kusoma na kuandika walikuwa kama 78 tu katika kila watu wazima 100. Tulikuwa tumerudi nyuma. Watoto wengine hawakupata shule. Na watu wazima wengine walioshika kalamu kwa taabu waliiweka chini, wakasahau.

Hapo ndipo maisha ya Shaaban Robert yanapotusaidia. Darasa humpa mtu ufunguo. Gazeti na kitabu ndicho chumba. Mtu mwenye ufunguo asiyeingia chumbani, siku moja ataupoteza. Shaaban alipata ufunguo mwaka 1926, kisha akaingia chumbani kila siku kwa miaka 36.

Sisi hatuhitaji kuwa Shaaban Robert. Lakini kila mmoja wetu anaweza kuanza na dogo. Msome kwa sauti jioni, mmoja asome na wengine wasikilize, kama wazee wetu walivyolisoma Mambo Leo. Andika barua kwa mwanao aliyeko Songea au Dar es Salaam, hata kama una simu, maana barua hutunzwa. Andika daftari la shamba lako la kahawa: siku ya kupalilia, kilo ulizopeleka chamani, fedha ulizolipwa. Mvuvi wa Mbamba Bay aandike majira ya upepo wa mwera na jinsi samaki wanavyopatikana. Bibi anayejua hadithi za sungura na fisi aziandike, au amwambie mjukuu aandike.

Haba na haba hujaza kibaba. Karani wa Pangani alianza na ubeti mmoja.

Maneno magumu

*Forodha*: mahali pa kulipia ushuru wa mizigo inayoingia au kutoka nchini.
*Kusanifisha*: kuweka namna moja inayokubaliwa na wote.
*Utenzi*: shairi refu la kusimulia habari au kufundisha.
*Wasifu*: habari za maisha ya mtu.
*Toleo*: gazeti la siku, wiki au mwezi fulani.
*Santuri*: chombo cha zamani cha kupigia sahani za nyimbo.
*Sensa*: kuhesabu watu wote katika nchi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Shaaban Robert alizaliwa wapi, na mwaka gani?
2. Gazeti la Mambo Leo lilikuwa na mambo gani ndani yake? Ni yapi ungependa wewe kuyasoma?
3. Kwa nini Shaaban alisimulia habari za nchi isiyokuwapo, badala ya kuilaumu serikali wazi?
4. Shaaban aliwaandikia watoto wake tenzi baada ya mama yao kufa. Wewe ungependa kuwaachia wanao maneno gani?
5. Kwa nini idadi ya wanaojua kusoma ilipungua baada ya mwaka 1986? Katika kijiji chako mnaweza kufanya nini ili watu wasisahau?
6. Mngekuwa na gazeti la kijiji chenu, lingeitwaje? Kila mwanakisomo aandike habari moja ya kuweka humo, isiyozidi mistari kumi. Zisomeni kwa sauti wiki ijayo.